Heiki Ni Nani?

Migato, Itilima
Jumapili, 9 Februari 2025

Mdogo wangu Mayige,

Mwangaluka. Natumaini wewe, wifi yangu Joyness na huyo mtu mpya mliyempata hamjambo huko Mtwara. Sisi huku tupo. Palizi ya pamba imetushika shingoni, mvua inakuja inapojisikia, na darasa langu la tatu lina watoto mia na mmoja, na huyo mmoja peke yake anatosha kuwa mia.

Nakuandikia ujumbe mrefu wa barua kwa sababu nikikupigia siwezi kusema ninachotaka mama akiwa pembeni, na mama yuko pembeni siku zote. Nimepanda kwenye kichuguu nyuma ya shule, ndipo mtandao unapofika. Kwa maneno unatosha. Kwa kupigiana simu ya kuonana hautoshi, ulijionea juzi ulivyoganda mdomo wazi, mama akaambulia kusema umekonda.

Mama alipoambiwa umepata mtoto wa kiume alinyamaza. Unajua sababu. Miaka minne hujakanyaga hapa, na mke umeoa hukohuko bila kumleta ainame mbele ya mama hata mara moja. Lakini siku ya tatu, nikiwa namchemshia maji, akaniuliza mwenyewe: "Ng'wana huyo ana sura ya nani?"

Nilikaribia kuangusha sufuria. Hukuwahi kuulizwa swali zuri kuliko hilo, Mayige. Kwetu mtoto hapewi jina kabla bibi hajamtazama usoni akajua nani amerudi. Kama ana paji la marehemu baba, ataitwa Luhaga kama yeye. Kama ana sura ya ukoo wa mama, jina litatoka kwao. Mama amesema jina atalitoa yeye, ila halitoi kwa kusikia, atalitoa kwa kuona.

Hapo ndipo penye shida. Daktari wa macho amesema mama ana presha ya macho, na kilichokwisha kupotea hakirudi. Dawa inalinda kilichobaki, tena hakuahidi. Jicho la kushoto limeshafunga kazi. La kulia linaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Kwa hiyo picha ya kwenye simu kwake ni punje ya mtama.

Ile uliyotuma nilikwenda nayo Bariadi siku ya gulio, kwa Marcelo mwenye studio, aikuze iwe kubwa kama kalenda. Ilipotoka ilikuwa madoa matupu. Mama akaishika mlangoni kwenye mwanga, akasema mtoto anafanana na uji uliomwagika. Tuma nyingine nzito, isiyopungua kitu. Na ufanye haraka.

Dada yako,
Klementina

*

Mtwara
Jumanne, 11 Februari 2025

Dada mpendwa,

Shikamoo. Mpe na mama shikamoo yangu, hata kama hataipokea. Sisi ni wazima, isipokuwa usingizi tumeusahau. Natoka zamu ya kutengeneza mafriji ya samaki, nafika nyumbani napokelewa na zamu nyingine. Joyness anakusalimu, anasema wifi yake amsamehe kwa kuwa hajamjua kwa sura.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Sikujua macho yamefika hapo. Ungeniambia mapema, dada.

Kuhusu picha, kosa nimelijua. Ukituma picha kwa wasapu kwa njia ya kawaida, inaikamua kama tui, inabaki chicha. Ndiyo maana Marcelo alipoikuza akapata madoa. Rafiki yangu wa kazini amenifundisha kuituma kama dokumenti, hapo inafika nzima ilivyotoka kwenye kamera. Na safari hii nimetumia aifoni niliyonunua kwake, kamera yake inahesabu hadi nyusi. Nakutumia tatu. Moja amelala, moja analia, moja anamtazama mama yake.

Mtoto bado hana jina. Mama mkwe wangu huku anauliza kila siku tumwiteje, na majina anayo tayari, anayo hata ya akiba. Joyness amemjibu kwamba bibi wa Migato hajasema. Kwa sasa tunamwita Mgeni.

Mdogo wako,
Mayige

*

Migato
Jumapili, 23 Februari 2025

Mayige,

Za huko. Sisi wazima.

Sitazunguka. Heiki ni nani?

Picha zako zilifika, lakini kwenye simu yangu hazikufunguka. Kila moja ni kiboksi cha kijivu. Nikadhani ni uzee wa simu, nikampelekea Constantine mtendaji wetu wa kijiji, ambaye ana simu mpya na hapendi tusahau. Alikuja nyumbani kabisa, akakaa mbele ya mama, akavaa na miwani. Zikagoma. Mama akamwambia: "Basi nisomee hapo pameandikwa nini." Constantine, mtu wa kusoma kila kitu kwa sauti ya mkutano, akasoma: "Imeandikwa picha elfu mbili mia mbili na saba, Heiki."

Mama akauliza, "Nani?"

"Heiki, mama. Na hii nyingine pia Heiki. Zote tatu ni Heiki."

Mama aliinuka. Alishika fimbo yake akaingia ndani. Baadaye nilimkuta amekaa kitandani, akaniambia: "Kumbe wameshampa jina. La Kizungu. Sasa mimi walikuwa wananiuliza nini?" Nikamwambia haiwezekani. Akakataa, "Yaya, Klementina. Mtu haandiki jina mara tatu kwa bahati mbaya."

Tangu siku hiyo haulizi habari za mtoto. Chakula anakula nusu. Na mimi nakiri, nilikutetea kwa mdomo tu, moyoni nilikuwa nakuuliza vilevile. Kama ni jina la upande wa mkeo, sema. Ila kumtania mama kwamba mnangoja neno lake huku mmeshamaliza, hilo hapana. Mimi ndiye ninayelala naye nyumba moja.

Klementina

*

Mtwara
Jumatatu, 24 Februari 2025

Dada,

Shikamoo. Nilipoanza kusoma nilicheka hadi Joyness akaja kuuliza. Nilipofika mwisho sikucheka tena.

Heiki si mtu. Hakuna Heiki kwetu wala kwa wakwe zangu. Ni herufi nne, HEIC, zinazotaja aina ya faili. Kila picha kwenye simu ina jina lake mbele, halafu nukta, halafu herufi za kusema imehifadhiwa kwa namna gani. Picha tulizozizoea ni za JPEG, na kila simu na kila kompyuta inazijua. Hizi aifoni zinahifadhi kwa namna mpya ya HEIC ili picha ichukue nafasi ndogo bila kupoteza uzuri. Tatizo ni kwamba simu nyingi za siku nyingi na kompyuta za zamani haziijui namna hiyo, ndiyo maana zinaonyesha kiboksi.

Mwambie mama hivi: ni kama michembe. Kiazi ni kilekile cha shambani kwake, ila kimekatwa kikakaushwa ili gunia moja libebe vya magunia matatu. Wewe na mimi tukiona michembe tunajua ni chakula. Mpe mtu wa huku Mtwara ambaye hajawahi kuiona, atakuuliza hivi vipande vya mti ni vya nini. Simu yako ndiyo huyo mtu wa Mtwara.

Faili nenda nazo kwa Marcelo, yeye ana kompyuta. Mwambie azigeuze ziwe JPEG halafu akuze. Na mwambie mama kwamba mjukuu wake anaitwa Mgeni mpaka yeye atakapofungua mdomo. Naapa kwa kaburi la baba.

Nisamehe. Nilitaka picha nzuri kuliko zote, nikatuma isiyofunguka.

Mdogo wako,
Mayige

*

Migato
Jumapili, 16 Machi 2025

Mdogo wangu Mayige,

Mhola? Hapa tuko, namshukuru Mungu kwa mazoea. Nimekawia kujibu. Tulikuwa na mitihani, barabara ya Bariadi ilikatika siku nne kwa mvua, na mgongo wangu nao umeanza kuwa na maoni yake.

Ya michembe nilimweleza mama. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akacheka, kicheko kile cha kutikisa mabega. Sijakisikia tangu mwaka juzi. Akasema, "Mwanangu kasafiri kote huko kumbe bado anafikiri kwa viazi." Kisha akauliza kama Mgeni ananyonya vizuri. Basi hilo limekwisha, na Constantine amepigwa marufuku kusomea watu vitu.

Kwa Marcelo sasa. Nilifika nimelowa, nikamweleza yote ulivyoandika. Akasema hilo dogo. Akachukua faili, akafuta HEIC, akaandika JPG, akaniambia tayari. Akabonyeza. Kompyuta ikasema haiwezi kufungua. Akabonyeza kwa nguvu zaidi, kana kwamba inasikia. Akazifanya zote tatu hivyohivyo, na zote zikakataa. Mwishoni akaniambia mtoto huyu ni mkaidi, nikatamani kumchapa kama mwanafunzi wangu.

Nilirudi mikono mitupu. Mama alikuwa amekaa mlangoni ananisubiri, amevaa ile kanga yake ya kwenda kanisani, akijiandaa kumwona mjukuu. Nikamweleza alichofanya Marcelo. Akasema: "Kwa hiyo hata kwenye mashine, ukibadili jina tu, kilicho ndani hakijabadilika." Nikasema ndiyo, mama. Akasema, "Ndiyo maana mimi sitoi jina kwa kukisia."

Mayige, nimechoka. Sisemi ili unihurumie, nasema kwa kuwa hakuna mwingine wa kumwambia. Naamka kabla ya jogoo, namtia mama dawa ya macho, nakwenda kwa watoto mia na mmoja, narudi, namtia dawa tena, na kila siku nauliza kimoyomoyo leo imebaki kiasi gani. Juzi alimimina uji pembeni ya kikombe. Ulitiririka mezani hadi miguuni, akaendelea kumimina. Nilipomwambia, alisema mkono ulitetemeka. Mkono wake haukutetemeka.

Kwa hiyo acha kunifundisha habari za viazi. Nataka sura ya mtoto, kwenye karatasi, inayofunguka.

Dada yako,
Klementina

*

Mtwara
Jumatano, 19 Machi 2025

Dada yangu,

Shikamoo, na pole. Pole ya kweli. Barua yako nilimsomea Joyness, alilia, nami nikajifanya natengeneza feni.

Marcelo alikosea kama mama alivyosema. Kuandika JPG juu ya faili ni kubandika lebo ya sukari kwenye kopo la chumvi. Inatakiwa programu ya kuigeuza yenyewe, ifungue ile ya kwanza na kuihifadhi upya kwa namna ya pili. Lakini hata mimi nina kosa, nilimtupia yeye kazi ambayo ningeimaliza hapa kwa dakika mbili kama ningejua.

Sasa nimejua. Kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya kamera, kuna mahali pa kuchagua aina ya faili. Ziko mbili: moja ya kubana nafasi, ndiyo HEIC, na moja inayokubalika kila mahali, ndiyo JPEG. Nimechagua ya pili. Zile za zamani hazigeuki zenyewe kwa kubadili mpangilio, ni mpya tu zinazofuata. Ningeweza kuzigeuza, lakini tumetazama tukaona mtoto wa zile picha hayupo tena. Ameshakua, uso umejaa. Tukaamua mama amwone alivyo leo.

Joyness alimpakata dirishani, akamfunika kichwa kwa mtandio wake mweupe kwa sababu ya upepo, uso wote ukabaki wazi. Nilipiga arobaini, tukachagua moja. Nimeituma tena kama dokumenti, isikamuliwe. Kabla ya kukutumia, niliituma kwenye kisimu kibovu kuliko vyote hapa kazini, kioo kimepasuka na betri imefungwa kwa raba. Imefunguka.

Na jina la faili nimeliandika mwenyewe safari hii, ili Constantine akipita kwa bahati mbaya asome vizuri, tena kwa jina la mama: MJUKUU WA NYANJIGE.

Uniambie atakachosema. Chochote atakachosema, hilo ndilo litakaloandikwa kwenye cheti. Joyness amekubali, na mama yake ameanza kuchoka kuuliza.

Mdogo wako,
Mayige

*

Migato
Jumapili, 6 Aprili 2025

Mayige, ndugu yangu,

Mwangaluka. Natumaini mko wazima wote watatu. Sisi tu wazima. Shule imefungwa, naandika nikiwa nimekaa na si kusimama.

Picha ilifunguka. Ilifunguka kwenye simu yangu hapohapo, ikafunguka kwa Marcelo, akaikuza kubwa kama kalenda kwenye karatasi nene, hakuna doa hata moja. Nilirudi nayo nimeiviringisha ndani ya kanga, kwenye pikipiki nimeikumbatia kama ndiye mwenyewe.

Mama alikuwa amevaa tena nguo ya kanisani. Nilimpa karatasi mkononi. Akasogea mlangoni kwenye mwanga, akainyoosha, akaiinua mbele ya uso wake, karibu kabisa. Mimi nilikuwa nimesimama mbele yake.

Mayige, mtoto alikuwa ananitazama mimi. Mama alikuwa ameigeuza. Alikuwa anatazama upande mweupe.

Nilitaka kunyoosha mkono niigeuze. Mkono haukwenda. Alikaa hivyo muda mrefu, anaipeleka kushoto, anaileta kulia, kama mtu anayetafuta mwanga mzuri. Halafu akatabasamu. Akasema: "Ni Luhaga. Paji hili ni la baba yenu. Na masikio, tazama masikio." Masikio yamo ndani ya mtandio wa wifi, Mayige. Hayaonekani hata kwangu.

Nikasema, "Ndiyo, mama. Ni yeye."

"Wabeja," akashukuru. "Mwandikie Mayige. Mtoto ni Luhaga."

Akaniomba niitundike juu ya kitanda chake. Nimeitundika, uso nje. Jioni akaniuliza, "Umemwambia kwamba nimemwona?" Nikamwambia nimeshakwambia. Akasema vizuri, akageukia ukutani, na nilijua halali.

Sijui ni tangu lini. Labda tangu siku ya uji. Labda hata siku ile ya Constantine alikuwa hakioni hata hicho kiboksi, ndiyo maana aliomba asomewe. Alikuwa anaogopa nini? Kwamba tukijua haoni, tutachukua jina kutoka kwake. Wiki zote hizi mimi na wewe tunahangaika na faili, yeye yuko ndani ya giza anavaa nguo ya kanisani. Naandika hivi nalia, na wewe lia, ila usimwambie kamwe.

Usidhani jina limekosewa. Baada ya yeye kuingia ndani niliitazama picha peke yangu. Ni paji la baba. Ni lile lile, hata lile bonde dogo katikati ya nyusi. Mtu mwingine yeyote angesema Luhaga.

Picha hazihitajiki tena. Fikiri mwenyewe kinachohitajika.

Dada yako anayekupenda,
Klementina

*

Mtwara
Alhamisi, 10 Aprili 2025

Dada,

Shikamoo. Nimekuelewa. Haya yafuatayo msomee mama, kwa sauti, yote.

Mama yangu mzazi,

Shikamoo. Ni Mayige, mwanao. Natumaini umeamka salama na dawa unatia kwa wakati. Sisi huku hatujambo.

Dada ameniandikia kwamba ulipoishika picha ulimtambua mara moja. Nashukuru sana, mama. Mimi nimekaa naye miezi mitatu nilikuwa bado sijui anafanana na nani. Tangu uliposema, na mimi naliona paji la baba. Na masikio pia, umesema kweli. Tumekwenda kumwandikisha jana. Joyness ndiye aliyelitamka jina kwa karani, akalirudia mara mbili lisikosewe: Luhaga.

Mama, nilikukosea. Nilioa bila kumleta mke kwako, na miaka nikaiacha ipite kwa sababu kila mwaka uliopita ulifanya aibu iwe kubwa zaidi. Hukuninyima jina la mtoto, na ungeweza.

Sasa tumekata tiketi. Tunaondoka Jumatatu asubuhi, tutalala njiani, na Mungu akipenda Jumatano tutashuka Bariadi. Joyness anakuja kukupigia magoti. Picha hatuleti.

Usivae nguo ya kanisani, Luhaga anatapika maziwa. Kaa tu hapo mlangoni, tutamweka mapajani pako, akae siku zote atakazotaka na ushike chochote utakachotaka kushika. Wewe umeshamwona. Imebaki yeye akuone wewe.

Mwanao,
Mayige, baba Luhaga